Usuhuba katika Riwaya ya Mariama Bâ

Riwaya ninayotaka tuizungumzie iliandikwa kwa Kifaransa na Mariama Bâ wa Senegali, ikachapishwa Dakar mwaka wa 1979. Mwaka uliofuata ilitunukiwa Tuzo ya Noma, ikiwa ndiyo ya kwanza kabisa kutolewa. Anayetaka kuisoma kwa lugha yetu na aitafute kwa jina Barua Ndefu Kama Hii.

Ukimwuliza mwanafunzi riwaya hii inahusu nini, atakujibu upesi: ukewenza! Si uongo, lakini kwa maoni yangu huko ni kuishia mlangoni. Kiini chake ni usuhuba wa Ramatoulaye na Aissatou, waliosoma chuo kimoja, wakawa walimu, wakaolewa na wanaume ambao nao ni marafiki.

Mume wa Ramatoulaye, Modou Fall, anafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mjane anakaa eda, miezi 4 na siku 10, na katika upweke huo anachukua daftari na kumwandikia mwenzake aliye mbali.

Aissatou ndiye aliyetangulia kuumia. Mama mkwe wake, mtu wa ukoo wa kifalme, hakumtaka binti wa sonara, basi akamlea msichana wa ukoo wake na kumwoza mwanawe, daktari Mawdo. Aissatou hakungoja. Alimwachia bwana barua, akachukua wanawe 4, akarudi vitabuni na kuwa mkalimani katika ubalozi wa nchi yake mjini Washington. Baadaye Modou naye akamwoa Binetou, rafiki wa binti yake mwenyewe, aliyekuwa akija kudurusu nyumbani humo humo! Ramatoulaye, mama wa watoto 12, akaamua kubaki. Hata bintiye Daba alimtaka aondoke.

Sasa angalieni. Kwani Aissatou asingeweza kumsuta? Mbona mimi nilitoka, wewe umeng'ang'ania nini? Hatusomi popote kuwa alifanya hivyo. Binetou ananunuliwa gari, na Ramatoulaye na wanawe wanasukumana kwenye mabasi. Habari zikamfikia Aissatou. Siku moja Ramatoulaye akaitwa kwa wauzaji wa Fiat achague gari, limekwisha kulipiwa lote. Aliogopa usukani, lakini alijifunza.

Kasoro ninayoiona ni kwamba Aissatou hatumsikii sana. Ukiondoa ile barua ya kumwacha Mawdo, tunamjua kwa kalamu ya mwenzake tu.

Ramatoulaye ana binti anayeitwa Aissatou, yaani somo wa rafiki huyo. Binti anapopata mimba kabla ya ndoa, wengi wetu tungetarajia kiboko. Mama anamkumbatia.

Daftari linakwisha mgeni akiwa karibu kufika. Ramatoulaye anajiuliza kama atamwona kwa suti ya kizungu au gauni refu. Anajua amezoea meza na uma, lakini hatamkubalia: atatandika mkeka, na katikati bakuli kubwa lifukalo moshi.