Vigezo vya Mwalimu wa Sheria

JUMANNE

Soma Ezra 7:1–10. Ezra alikuwa na sifa zipi za kujifunza na kufundisha sheria? Ni ipi kati ya hizo isiyoweza kuandikwa kwenye cheti?

_______________________________________

Kijana wa Madale anayetamani kuwa wakili anaijua safari iliyo mbele yake. Kwanza ni shahada ya sheria. Kisha ni mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, katika taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Akifaulu, humwomba Jaji Mkuu amkubali kuwa wakili, akiambatisha uthibitisho wa tabia njema. Akitaka kufundisha sheria chuo kikuu, hurudi darasani kusoma zaidi. Taratibu hizi ni njema, kwa maana haki ya mjane haipaswi kuwekwa mikononi mwa asiyejua.

Ezra naye alikuwa na vigezo vyake. Alitoka katika ukoo wa Haruni, tena alikuwa mwandishi hodari. Mwaka 457 K.K. alikabidhiwa barua ya mfalme Artashasta, iliyompa mamlaka ya kuweka waamuzi na kuwafundisha wasiojua sheria (Ezra 7:25). Hata hivyo, fungu la 10 linatazama moyo wake. Alikusudia mambo matatu: kuichunguza sheria ya Bwana, kuitenda, na kuifundisha. Zingatia mpangilio huo. Kutenda kumewekwa katikati, na ndiyo hatua tunayoiruka.

Mfikirie ndugu anayeongoza darasa la Shule ya Sabato. Somo la juma ni amri ya nane, naye amejiandaa vizuri. Lakini mwezi uliopita, alipojenga ukuta wa nyumba yake, alisogeza bikoni hatua mbili ndani ya kiwanja cha jirani yake mjane.

Soma Kumbukumbu la Torati 19:14 na Warumi 2:21. Ndugu huyu afanye nini?

_______________________________________

Akimwachia mwingine darasa, mjane bado hana ardhi yake. Akifundisha, mdomo utasema hili na ukuta utasema lile. Imebaki hatua ya katikati: aende kwa jirani kabla ya Sabato, akiri, aubomoe ukuta. Ni gharama. Lakini Mungu hawatafuti walimu wasiowahi kukosa. Anawatafuta walio tayari kuwa wa kwanza kutii. Neema inayomsamehe ndugu huyu ndiyo itakayompa nguvu ya kushika nyundo.

Ni fungu gani unalowafundisha wengine, nyumbani au kanisani, ambalo wewe mwenyewe bado hujalitenda? Utachukua hatua gani kabla ya Sabato hii?