Kuihuisha Ala ya Bastola Iliyokauka

Katika somo hili tunazungumzia ala ya ngozi, yaani mfuko ambamo askari huiweka bastola kiunoni. Raia aweza kuuliza: jambo hili lanihusu nini? Lamhusu sana. Katika mpaka wa Gatumba, wapitapo watu kati ya Bujumbura na Uvira, askari na raia husimama bega kwa bega. Mkanda wa ala ukikatika katikati ya msongamano, silaha huanguka miguuni pa watu. Aidha, maarifa haya yanafaa kwa ala ya kisu, mshipi na mkoba wa ngozi.

Ngozi imefumwa kwa nyuzi nyembamba mno, na kati yake mna mafuta yaliyotiwa wakati wa kuisindika. Mafuta hayo huziwezesha nyuzi kuteleza ngozi inapopindwa. Jua la kiangazi, toka Juni hadi Septemba, huyakausha; jasho huacha chumvi; vumbi husugua. Hatimaye nyuzi hugandamana, na ngozi ikipindwa hukatika. Ndipo nyufa huonekana.

Kwanza, mwenye silaha aitoe bastola, aondoe risasi, na kuihifadhi mahali panapofungwa. Ala inayopelekwa kwa fundi, awe wa Buyenzi au kwingineko, iende tupu.

Pili, ichunguzwe. Ugumu na rangi iliyopauka hutibika. Lakini nyuzi zilizokatika haziungani tena kwa mafuta. Mshono uliooza na kifungo kisichobana hubadilishwa na fundi. Ala yenye ufa mzito kwenye mkanda, au pale unapopita mshipi, iachwe kabisa.

Tatu, isafishwe. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kisha ala ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo ya gliserini. Isilowekwe. Ikauke kivulini kwa siku nzima, mbali na jua na jiko la makaa, kwa maana ngozi yenye maji ikipata joto kali husinyaa, na ala iliyosinyaa haiipokei tena bastola yake.

Nne, ipakwe mafuta. Yanayofaa ni mafuta ya miguu ya ng'ombe yaliyosafishwa, au mengine yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Tutie matone machache katika kitambaa, tupake wepesi, tuache hadi kesho yake; ngozi ikiwa bado ngumu, turudie mara moja. Hapa wengi hudhani kuwa wingi wa mafuta ndio dawa. Kiatu kikilainika ni raha. Ala ikilainika ni hatari, kwani mdomo wake hulegea na haiibani silaha. Mafuta ya mawese, ambayo Rumonge inasifika kwayo, ni chakula chema. Kwenye ngozi huacha wekundu, huvunda na kuvuta vumbi. Petroli na mafuta ya taa yaepukwe kabisa, kwa sababu huyeyusha hata mafuta machache yaliyosalia ndani.

Tano, nje ya ala ipakwe nta ya nyuki, nyembamba, na kusuguliwa mpaka ing'ae. Nta huzuia maji ya mvua. Ndani isipakwe, kwa kuwa huko ingekusanya uchafu.

Mwisho ni jaribio. Bastola isiyo na risasi, iliyokaguliwa mara mbili, irudishwe na mwenyewe, kifungo kifungwe, ala igeuzwe juu chini karibu na mkeka. Silaha ikiteleza, ala hiyo haifai kazi. Pia bastola isilazwe muda mrefu ndani ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu, na unyevu huzaa kutu.

Nanyi wasomaji wetu wa mpakani mnalo fungu lenu. Mkiona mkanda wa ala unaning'inia, mwambieni askari kwa upole: "Afande, tazama kiunoni pako." Silaha ikianguka, msiiguse wala kuipiga teke, waondoeni watoto, mumwite askari aliye karibu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ngozi ni mdogo kuliko ule wa nyumba, lakini kinachoweza kupita humo ni uhai wa mtu.