Kijana wa Meru na Khabari za Mbwaa

Ndugu zetu wasomaji, darasa ya mara hii haikutoka kitabuni. Tulikuwa tumekusudia kuendelea na mlango wa haki za jirani, walakini limetupata jambo huku Meru ambalo limetulazimu kuuweka mlango huo kando, nao tutaurejea inshallah. Huenda mkaona mwishoni kwamba hatukuuacha mbali.

Kwa wale wasiopajua, Embu na Meru ni miji iliyo upande wa mashariki wa Mlima Kenya, na njia inayoiunganisha hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, katikati ya mashamba ya kahawa na majani ya chai. Waislamu huku ni wachache. Serikali ya Kiingereza ilipoweka kituo chake Embu mwaka 1906, na Meru muda mfupi baadaye, walifuatana nayo wachuuzi, wapagazi na askari, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliojenga nyumba zao pembezoni mwa mji. Kwa hiyo, hata leo, kwa wenyeji wengi neno "Muislamu" na neno "Mswahili" ni neno moja, na maana yake ni mtu aliyekuja.

Sasa yuko kijana mmoja wa skuli ya sekondari anayesoma kwetu baada ya sala ya alasiri. Baba yake ni Mmeru wa Imenti aliyesilimu ujanani, na mama yake anatoka Embu, upande wa Runyenjes. Kijana huyu ni mwepesi wa kuhifadhi na mwepesi wa kukasirika. Siku nyingine huingia akicheka, na siku nyingine huketi karibu na mlango, asijibu ila kwa kichwa. Tulidhani ni mambo ya umri wake. Kumbe mwalimu wake wa historia alikuwa amewapa kazi: kila mwanafunzi aandike asili ya watu wake, awaulize wazee, kisha asome mbele ya wenzake. Alipotajwa yeye, mmoja akasema kwa sauti kuwa huyu hana la kuandika, huyu ni Mswahili. Darasa zima likacheka.

Lingekuwa hilo tu, angelivumilia. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda pwani pamoja nasi kwa ziara, na huko, katika nyumba ya watu wanaosali sala tano, alisikia akiitwa "mtu wa bara" na mtoto aliye mdogo kuliko yeye, na wazee waliokuwapo hawakumkanya. Haya alikuwa hakutuambia. Aliyaandika katika daftari lake, nyuma ya sarufi ya Kiarabu, nasi tuliyasoma tulipokuwa tukisahihisha. Aliandika kwamba juu mlimani yeye ni wa pwani, na pwani yeye ni wa mlimani, basi usingizini yeye ni wa wapi?

Alipotujia na kazi yake ya skuli, akituomba ruhusa ya kukosa darasa siku mbili ili aende kwa babu yake, tulimjibu vibaya. Tulimwambia kwamba hizo ni hekaya za wazee wasiosoma, kwamba Uislamu umemtosha, na kwamba aandike habari za Maswahaba badala yake. Akasema, "Naam, Sheikh," akaondoka. Usiku ule hatukuona raha, kwani tulikumbuka jambo ambalo kila mwanafunzi wetu hulijua. Bilali aliitwa Bilali wa Uhabeshi mpaka kufa kwake. Suhaibu aliitwa Mrumi, na Salmani aliitwa Mfursi. Mtume (S.A.W.) hakuwavua majina ya nchi zao. Basi sisi ni nani hata tumvue kijana lake? Na katika Suratul-Hujurat tumefahamishwa kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Na kujuana hakuwi kama upande mmoja umeambiwa unyamaze. Asubuhi tulimfuata kwao, tukamwomba radhi, tukamwambia tutakwenda naye.

Babu yake anakaa juu ya Nkubu. Hakusilimu, wala hatukwenda kwa ajili hiyo. Alitukaribisha kwa heshima, akatutengea kiti cha peke yetu, kisha akaanza kusimulia kwa Kimeru, na kijana akitutafsiria.

Alisema wazee wao walikaa Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji. Wakaja watu walioitwa Nguo Ntune. Hapo hatukuhitaji tafsiri, kwa kuwa nguo ni nguo kwao na kwetu, na ntune ni nyekundu. Watu hao wenye nguo nyekundu waliwatumikisha, na walipotaka kuachiliwa wakapewa kazi zisizowezekana. Waliambiwa walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, na wazee wakakikata katika ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe. Waliambiwa watengeneze mkuki wa kufika mbinguni. Hapo wakaona kwamba mwisho wa amri hizi ni mauti, wakaondoka usiku wakiongozwa na Koomenjoe. Walipofika majini, maji yakawapisha njia. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Na waliovuka jua limekwisha toka wakaitwa Njeru, weupe. Wakaandama safari ndefu hata wakaufikia mlima.

Mzee alipomaliza alitugeukia sisi, akasema kwa Kiswahili, "Maalim, na kwenu huko pwani, mwakumbuka nini juu yetu?"

Hatukuwa na jibu. Tumesoma miaka mingi, tumekaa mbele ya masheikh wakubwa, na twaweza kuhesabu nasaba za masharifu wa Lamu na Mombasa baba kwa baba. Lakini watu kwa maelfu wanasimulia kila kizazi kwamba waliondoka katika mwambao wetu wakikimbia dhuluma, na sisi hatuna hata neno moja juu yao. Tulimwambia mzee hivyo hivyo ilivyo. Akatikisa kichwa, akamwambia mjukuu wake atuletee chai.

Kijana alirudi na furaha kubwa, na kwa siku tatu hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Siku ya nne hakuja. Wiki nzima hakuja. Alikuwa amewaza juu ya wale Nguo Ntune, akamwuliza mwalimu wake, na mwalimu akamwambia kuwa bila shaka walikuwa Waarabu. Akamwambia baba yake kwamba hawezi kusoma dini ya waliowafunga babu zake. Hapa ndipo tulipofahamu kwamba jambo hili si la insha ya skuli.

Tulikwenda kwao tena, na tuliyomwambia twayaandika hapa kwa sababu yanawahusu na nyinyi mlio mijini pwani.

Kwanza, hatukumwambia kuwa dhuluma haikuwapo. Kuna watu wetu ambao wakitajiwa utumwa hukimbilia kusema kwamba Wazungu walizidisha chumvi. Wazungu wana yao, nayo yameandikwa. Lakini soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907 tu. Na mashamba ya Malindi yalilimwa na nani, mijini kila mtu anajua japo hasemi. Waliofanya hayo walikuwamo waliokuwa wakisali safu ya mbele. Uislamu umefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi, na wao walifanya kumkamata kuwa biashara. Kosa lao ni lao, na anayelificha leo hujitwika sehemu yake bure.

Pili, tulimwambia asiseme asilolijua, hata akiwa amekasirika. Nani walikuwa Nguo Ntune? Wanachuoni hawakuafikiana. Mmarekani mmoja, Jeffrey Fadiman, aliyekusanya maneno ya wazee wa Meru na kutoa kitabu mwaka 1993, anaona kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, na kwamba kuondoka kwao kulikuwa katika zama za karne ya 17 na ya 18. Wengine huifungamanisha khabari hii na Shungwaya, ambako Wamijikenda nao husimulia kwamba walitoka. Na kabla yao alikuwapo H. E. Lambert, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya huku Meru katika miaka ya 1930, akaandika juu ya wazee wa Njuri Ncheke; naye ni yule yule aliyeandika mwaka 1957 na 1958 juu ya Kivumba, Chijomvu na Chichifundi, lahaja zetu wenyewe. Mgeni mmoja alizisikiliza pande zote mbili, na sisi wenyeji hatukusikilizana!

Kijana alirudi darasani. Lakini ghadhabu ilipomtoka ikaingia hamu ya kujikuza, nayo ni maradhi mengine. Alikuwa amesoma mahali kwamba Wameru ni Bani Israili, kwa kuwa maji yaliwapasukia kama yalivyompasukia Nabii Musa (A.S.), akaja ameijaza kurasa mbili. Tukampa mfano wa Waafghani. Katika zama za mfalme Jahangir wa India, mwanzo wa karne ya 17, iliandikwa kwa Kifursi tarikh ya Waafghani iitwayo Makhzan-i Afghani, nayo ikawapandisha nasaba yao mpaka kwa mfalme Talut, na ikasema kwamba babu yao Qais alikwenda Madina, akasilimu mikononi mwa Mtume mwenyewe na kupewa jina la Abdul-Rashid. Vizazi kwa vizazi wakajifakhiri kwayo. Wachunguzi wa tarikh hawaikubali, na lugha yao ya Kipashto ni ndugu wa Kifursi, si wa Kiebrania. Je, Waafghani wamepungukiwa na nini kwa hayo? Balkh imemtoa Jalaluddin Rumi. Ghazni ndiko alikokaa Al-Biruni akiandika elimu za nyota na za nchi. Na Imamu Abu Hanifa, ambaye Waislamu wengi ulimwenguni humfuata, inasimuliwa kwamba babu yake alitoka Kabul. Fakhari hizi zilikuwapo mkononi mwao, na wao wakaenda kuazima ya Talut.

Wala tusiwacheke. Ni nyumba ngapi Mombasa na Lamu zina karatasi ya nasaba iliyoandikwa jana kwa wino wa kutiwa uzee? Tulimwambia kijana haya, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha akauliza kama karatasi hizo huuzwa ghali.

Kurasa mbili zile akazitoa. Badala yake akaenda Embu kwa bibi yake mzaa mama, na huko alikuta khabari isiyofanana na ya Mbwaa hata kidogo. Waembu husimulia juu ya Mwenendega, mtu wa kwanza, aliyemkuta mkewe Nthara kando ya mto. Na kichaka cha Mwenendega kiko huko huko Runyenjes, kinaonyeshwa mpaka leo. Basi kwa baba yeye ametoka baharini, na kwa mama hakutoka popote, alikuwapo. Alitaka tumwambie ipi ni ya kweli. Tulimwambia kwamba baba wa watu wote ni Adamu (A.S.), na hilo halina shaka, lakini hadithi ya bibi humwambia kwamba watu wake waliipenda ardhi ile mpaka wakaihesabu kuwa ndiyo iliyowazaa, na aiandike kama alivyoambiwa, bila kuipunguza. Bibi hakuulizwa itikadi. Aliulizwa akumbuke.

Jambo moja limebaki, nalo kijana aliligundua mwenyewe. Katika kutazama ramani aliona jinsi Manda ilivyokaribiana na bara, akatuuliza maji ya Mkanda yana kina gani. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa. Zamani vyombo viendavyo Pate na Faza vilikuwa vikingoja maji yajae ndipo vipite Mkanda, kwani yakipwa yalionekana matope. Tulimweleza habari ya bamvua, namna maji yanavyokwenda mbali siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kisha yakarudi kwa nguvu. Alikaa kimya muda mrefu. Yeye amezaliwa mlimani, na hakujua kwamba bahari huondoka na kurudi kila siku bila ya mtu kuinua fimbo. "Basi Sheikh," akasema, "kama ni huko, waliovuka gizani walikuwa wakiyajua maji. Walikuwa watu wa pwani."

Hatusemi kuwa hiyo ni dalili ya kukata shauri. Twasema kuwa kijana wa Imenti amelifikiri jambo la maji ambalo sisi, tuliokulia ufukweni, tulilisikia kwa babu yake na lisitupitikie.

Aliisoma insha yake mbele ya wenzake, na safari hii hawakucheka. Yule aliyemwita Mswahili alikuja baadaye kumwuliza kama ukoo wake yeye ulivuka usiku au mchana, na hakujua. Wamekwenda pamoja kumwuliza mzee. Darasani kwetu bado siku nyingine hukaa karibu na mlango. Hatumwulizi.

Ameomba tumpeleke Manda likizo ijayo. Tumewaandikia ndugu zetu wa Lamu wamtafutie mahali pa kulala na mzee anayezijua khabari za kisiwa, na tunawasihi watoto wa nyumba hiyo waambiwe mapema ni nani anayekuja. Nahodha ametujibu kwamba zamani chombo hakikupita Mkanda ila maji yakijaa. Kijana amesema yeye hatafuti kupita kwa chombo. Anataka ashushwe kando, siku ya bamvua, asimame angoje mpaka maji yapwe.