Dondoo muhimu: Kuongeza ujumbe wa sauti kwenye mtambo wa simu wa zamani

Una duka la jumla Tandala au nyumba ya wageni Makambako? Usitupe mtambo wako kabla ya kupitia haya:

• Soma modeli. Panasonic KX-TES824, kwa mfano, hupokea kadi ya ujumbe KX-TE82492. Kadi ya mtambo wa aina nyingine huenda isiingie.

• Hesabu njia. Kadi ya njia mbili huhudumia watu wawili kwa wakati mmoja. Wa tatu hapati nafasi hadi mmoja amalize.

• Jaribu kabla ya kulipa. Piga, acha ujumbe, kata. Kadi isipotambua kuwa umekata, inaweza kurekodi mlio mtupu na kujaza nafasi bure.

• Umeme. Uliza kama ujumbe hubaki umeme ukikatika, kisha funga UPS.

• Mtumba? Dai kitabu cha maelekezo na neno la siri la fundi.

• Salamu. Rekodi kwa Kiswahili: jina la biashara, saa za kazi, namba ya mkononi.

• Una laini moja tu ya TTCL? Ulizia kwanza huduma ya kuhamishia simu kwenye namba ya mkononi; huenda ikatosha.