Mabuu ya Maembe na Hukumu Yake

Swali hili limeulizwa zaidi ya mara moja katika darsa yetu ya Isiolo, hasa maembe yaletwapo kwa wingi kutoka upande wa Meru: mtu akilikata embe zuri akaona mabuu meupe yanajikunja ndani, je, embe lote limekuwa haramu? Na ikiwa amekwisha kula nusu yake gizani, je, amekula najisi? Wako waliotupa kapu zima kwa shaka hiyo, na kapu la maembe kwa mwenye watoto si kitu kidogo. Yatupasa kwanza tuyajue mabuu haya, kisha tuijue hukumu.

Mabuu hayazaliwi na uozo, kama walivyodhani watu wa zamani. Mwaka 1668 tabibu wa Kiitalia, Francesco Redi, alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi. Vilivyo wazi vilionekana mabuu katika nyama yake. Vilivyofunikwa nyama yake haikupata buu, kwa kuwa nzi hakuifikia. Na embe ni hivyo hivyo. Nzi wa matunda jike hulidunga ganda kwa ncha ya mkia wake, mfano wa sindano, akataga mayai chini yake. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa, mabuu yakaila nyama ya tunda. Yakiisha kukua hutoka yakaingia mchangani, na humo hugeuka nzi. Kwa hiyo kuliosha embe, ijapokuwa ni jambo jema, hakuondoi kilichomo ndani.

Mbaya wao kuliko wote alitoka Asia, akaonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, huko kwenu Pwani. Kwa ajili ya nzi hawa Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2014 hadi 2021.

Ama hukumu, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kwamba mdudu aliyezaliwa ndani ya chakula, kama siki na matunda, ni halali kuliwa pamoja nacho, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi. Kumtoa na kumla peke yake, hapana. Na mwenye kusema kwamba hukumu hii imeanguka, kwa kuwa buu limetoka katika yai la nzi wala si katika tunda, hakuifahamu vema. Sababu waliyoitaja wanavyuoni ni uzito wa kumtenga mdudu na chakula, na uzito huo upo leo kama ulivyokuwa jana.

Wala si maana yake mtu afumbe macho. Abu Daud amepokea kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa tende kuukuu, akawa anazipekua na kuwatoa wadudu waliomo. Tende hakuzitupa. Basi likate embe, toa palipoharibika, ule palipo pazuri.

Liko jingine ambalo waulizaji hawaliulizi, nami naliona kubwa kuliko la mlaji. Mahali palipodungwa hujulikana: pana kitobo kidogo, pengine na utomvu, na ukipabonyeza huwa laini. Muuzaji aliyepaona, kisha akauelekeza upande huo chini, huyo ndiye mwenye haja ya fatwa! Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Embe lililodungwa na liuzwe kwa kuonyeshwa, na kwa bei yake.

Na mwenye mwembe uani asiyaache maembe yaliyoanguka yaoze chini ya mti, maana hapo ndipo wanapolelewa nzi wa msimu ujao. Ayaokote mara kwa mara, ayafukie kina cha nusu mita au zaidi, na kuushindilia udongo juu yake. Yakifukiwa juu juu, nzi hupata njia akatoka.