Katani Ndani ya Saruji: Maswali kwa Mtaalamu wa Vifaa vya Ujenzi

Saruji ina nguvu zake. Nyuzi za nini tena?

Saruji iliyoshika hustahimili kugandamizwa, lakini ukiivuta au kuikunja hupasuka ghafla. Nyuzi hazizuii ufa wa kwanza, huushikilia usipanuke.

Mbona vigae vya katani huvunjika ovyo baada ya miaka michache?

Mkonge unasingiziwa. Saruji ikikutana na maji huzaa vitu viwili vikubwa. Kimoja ni gundi ya kalsiamu na silika, yenye vitundu vya nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele ni kama nanomita 80,000. Sehemu kubwa ya nguvu iko humo. Cha pili ni chokaa, ambayo huyapa maji ya kwenye vitundu ukali wa pH inayozidi 12. Ukali huo huozesha lignini inayounganisha seli za mkonge. Mvua ikinyesha, uzi hunywa maji ukavimba. Jua likiwaka, husinyaa na kuacha mwanya. Chokaa hupenya kidogo kidogo mpaka mirija ya uzi ikajaa madini.

Okota kipande cha kigae kilichovunjika, utazame ukingo wake. Kikiwa kipya, utaona ncha za katani zimechomoza: zilichomoka zikipambana. Kikiwa cha zamani, zimekatika sawasawa na saruji, kavu kama vijiti vya kiberiti.

Vitu vidogo kama gundi ya saruji hupimwaje?

Kwa ncha ya almasi inayodidimizwa nanomita mia chache tu. Ukakamavu wa gundi hiyo ni gigapaskali 20 hadi 30 hivi. Chuma ni 200. Ukisogea karibu na uzi, mara nyingi namba hushuka, kwa kuwa maji yalijikusanya pale wakati wa kuchanganya.

Silika ya nano, yaani chembe ndogo mno za silika, ndiyo dawa ya uharibifu huo wa chokaa?

Inasaidia, maana huigeuza chokaa kuwa gundi. Ila ni ghali, na chembe zake hugandana madonge. Kwa fundi wa kawaida ningeanza na majivu ya pumba za mpunga, ambayo nayo yana silika, yaliyochomwa kwa nyuzijoto 600 hadi 700 na kusagwa laini. Ya kwenye tanuri la matofali mara nyingi yameungua kupita kiasi, na silika yake imelala.

Katani ioshwe kwanza?

Ndiyo. Sukari iliyobaki kwenye uzi huichelewesha saruji kushika.