Mali za Kidijitali: Malipo Yafanywa kwa Fedha za Nani?

Mnunuzi wa mali ya kidijitali, kama vile hatifungani iliyosajiliwa katika daftari la kielektroniki, aweza kulipa asipokee mali. Hatari hii si ngeni. Tarehe 26 Juni 1974, benki ya Herstatt ya Ujerumani ilifungwa ikiwa imekwisha kupokea maki za Kijerumani, kabla ya kulipa dola ilizodaiwa.

Kinga yake ni kukabidhi mali na malipo kwa wakati mmoja: kimoja kisipokamilika, kingine hakifanyiki. Usalama huongezeka malipo yanapofanywa kwa fedha za benki kuu, kwa kuwa hizo ni deni la benki kuu yenyewe, si la kampuni inayoweza kufilisika. Tangu Desemba 2023, Benki Kuu ya Uswisi imetoa fedha hizo kwa njia ya kidijitali kwa taasisi za fedha, si kwa mtu binafsi. Mwaka 2024 zilitumika kulipia hatifungani ya Benki ya Dunia ya faranga milioni 200.

Zingatia: utaratibu huu hulinda makabidhiano, haulindi thamani ya mali. Kabla ya kununua, uliza: Malipo yatafanywa kwa fedha za nani? Mali itakabidhiwa lini? Mtoaji akifilisika, nitamdai nani?